Vespa iliyolazwa nzima haichakai usingizini

*"Asalaam alaykum fundi. Nina vespa PX 150 niliyoachiwa na marehemu baba. Mwezi wa tatu nilikwenda Pemba kwa shughuli za familia, nikaiacha barazani hapa Mwanakwerekwe, nimeifunika turubai. Siku niliyoiweka ilikuwa inawaka kwa kiki moja. Nimerudi baada ya miezi mitatu, haiwaki. Nimepiga kiki mpaka goti linauma. Nimenunua plagi mpya, kila nikiitoa naikuta imelowa na inanuka petroli. Kaka yangu akaniambia niongeze oili kwenye tangi injini isije ikaumia, nikaongeza. Tumeisukuma mteremkoni, ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Fundi wa kwanza kasema ringi zimekwisha, ichongwe bloku na itiwe pistoni mpya. Wa pili kasema koili imeungua. Nimfuate yupi, au niiuze tu?"*

Waalaykum salaam mwanangu, na pole kwa goti. Swali lako nimelisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifanya kosa letu mafundi, nikaanza kutafuta kifaa cha kulaumu. Mara ya pili ndipo nikaona kuwa sehemu kubwa ya jibu umeshaiandika wewe mwenyewe: siku uliyoiweka ilikuwa inawaka kwa kiki moja.

Ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, huchakaa kwa kusuguana na silinda, na kusuguana kunataka injini izunguke. Yako imekaa miezi mitatu chini ya turubai haijasugua chochote. Kama ringi zilikuwa na nguvu siku ile, zimeipata wapi safari ya kuzimaliza? Mtu aliyelala mzima akaamka na kikohozi hapelekwi kukatwa mguu. Chombo kilichosimama huugua maradhi ya kusimama: petroli inalala, unyevu unaingia, kutu inaota, na hapa kwetu kuna chumvi ya bahari inayokula kila ncha ya waya. Na wewe uliiacha kuanzia mwezi wa tatu, yaani masika yote imeyala barazani. Huko ndiko tutakakotafuta kwanza. Yapo mazingira ambayo fundi wa kwanza anaweza kuwa na haki, nitakuja kuyasema, lakini hayaanzii kwenye kuchonga bloku, yaani kulipanua tundu la silinda.

Sasa hiyo plagi iliyolowa. Wengi wakiiona hufurahi, wanasema petroli inafika, basi tatizo ni moto. Si lazima. Plagi ikilowa sana, yenyewe ndiyo inaua moto. Umeme wa plagi unatakiwa uruke kwenye ule mwanya mwembamba pale nchani, kiasi cha milimita 0.6. Ukiwekewa njia rahisi zaidi, tope la oili na masizi juu ya kauri nyeupe, unapita huko kimyakimya na cheche haionekani. Kwa hiyo plagi iliyolowa inakuambia jambo moja tu, kwamba petroli ni nyingi kuliko inavyochomwa. Inaweza kuwa moto haupo. Inaweza pia kuwa moto ulikuwepo, mafuriko yakauzima. Kwa yanayosimuliwa katika swali lako, hili la pili lina uzito zaidi, na nitakueleza kwa nini.

Injini yako ni ya mipigo miwili. Petroli haiendi moja kwa moja juu ya pistoni kama kwenye pikipiki nyingi za bodaboda. Inapita kwanza chini, kwenye tumbo la injini palipokaa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, halafu pistoni ikishuka inaisukuma ipande juu ichomwe. Ndiyo maana tunaichanganya na oili: humo tumboni na kwenye silinda hamna oili nyingine ya kulainisha isipokuwa ile inayopita na petroli. Mpangilio huu ni mzuri na mwepesi, ila una aibu yake moja. Petroli ikivuja kutoka kwenye kabureta injini ikiwa imezimwa, haimwagiki chini ukaiona. Inashuka ndani ya tumbo, inatulia humo. Kisha wewe unakuja unapiga kiki, na kila kiki inarusha petroli mbichi juu kwenye plagi. Unaitoa, unaifuta, unairudisha, unapiga tena, imelowa tena. Unaweza kununua plagi za duka zima.

Ilivujaje? Nikuulize: ulipoondoka, ulifunga koki? Wengi hawafungi. Ile ndogo iliyo chini ya siti ina alama tatu, na herufi zimebaki za kwao Italia, kule Pontedera ambako vespa ilizaliwa mwaka 1946. A ni *aperto*, wazi. C ni *chiuso*, imefungwa. R ni *riserva*, akiba. Nimewahi kumwona mtu mzima, ana vespa miaka kumi na zaidi, anaamini C ni "chapuchapu".

Koki ikiwa wazi, kinachozuia petroli ni sindano ndogo ndani ya kabureta inayoinuliwa na boya, kama lile boya la tangi la choo. Kikombe cha petroli cha kabureta kikijaa, boya linapanda, sindano inaziba. Sasa fikiria miezi mitatu ya joto. Petroli ya kwenye kikombe inavukiza kidogo, inaingia nyingine, nayo inavukiza. Kila safari kinachobaki ni utomvu unaonata, na ile oili yako imo humo. Siku moja sindano inanata au inakaliwa na chembe ya kutu kutoka kwenye tangi, haizibi tena barabara, na tangi zima linaanza kuteremka tone baada ya tone.

Juu ya hapo mmeongeza mambo mawili, na siwalaumu kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa mitaani. La kwanza ni kuisukuma. Vespa yako ina gia za mkono, kwa hiyo kuiwasha kwa kusukuma inawezekana. Hizi skuta mpya zisizo na gia ndizo haziwaki kwa kusukuma hata uzishushe mlima. Lakini injini iliyofurika ukiisukuma na koki iko wazi unaizidishia mafuriko. Yale makohozi mawili uliyoyasikia ni habari njema ajabu, nitayarudia.

La pili ni oili. Kaka yako anadhani oili nyingi ni usalama zaidi, kama sukari kwenye chai ya mgeni. PX inataka asilimia 2: mililita 20 kwa lita moja, mililita 100 kwa lita tano. Ukizidisha sana, masizi yanajaa kwenye plagi na kwenye bomba la moshi. Kuna na jambo ambalo watu hawalifikirii. Tundu la kabureta linapitisha kiasi kilekile cha mchanganyiko. Kadiri oili inavyozidi humo, ndivyo petroli inavyopungua, na injini inaunguza kwa joto la juu zaidi. Yaani ulitaka kuilinda, ukaisogeza jirani na kile ulichokikimbia. Angalia pia kama vespa yako ni ile yenye tangi dogo la oili peke yake, yenye kidirisha cha kioo cha kuonyesha kiasi. Kama ni hiyo na pampu yake inafanya kazi, petroli inatiwa tupu, hauchanganyi kitu.

Haya, tufanye kazi. Itoe nje uwanjani, mbali na jiko, mbali na sigara, na si usiku kwa mwanga wa koroboi. Funga koki. Chomoa mpira wa petroli, uelekeze kwenye dumu, fungua koki umwage tangi lote. Chota kidogo kwenye chupa nyeupe uiache usiku mmoja. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo kama masika yaliingia kwa kwenye mfuniko utayaona asubuhi yamekaa chini kama lulu. Hata kama maji hamna, petroli ile usiirudishe. Sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka upesi injini ikiwa baridi, ndizo zinazoruka kwanza, na zilizobaki ni nzito, zina uvivu. Usiimwage mtaroni, mpe fundi aoshee vyuma.

Kisha toa plagi. Zima ufunguo. Hapa sikiliza vizuri: tunataka kuipepea injini, na mvuke wa petroli utatoka kwa nguvu kwenye tundu la plagi, hatutaki cheche yoyote jirani. Koki imefungwa, choki (ile ya kuvuta injini ikiwa baridi) imerudishwa, kipini cha resi kimefunguliwa mpaka mwisho, piga kiki ishirini hivi taratibu. Ukiona inatema petroli kama mtu aliyekunywa maji ya bahari, umeshajua mgonjwa wetu ni nani. Iache wazi saa moja au mbili. Kama kiki yenyewe imegoma kabisa, haishuki, usiilazimishe kwa uzito wa mwili. Pistoni inaweza kuwa imeshikwa na kutu, na ukilazimisha utavunja meno ya kiki juu ya tatizo ulilonalo.

Wakati inakauka, tazama hiyo plagi mpya maandishi yake. PX 150 inatumia plagi fupi, nyuzi zake urefu wake ni milimita 12.7, kwa NGK ni B7HS au B6HS. Sasa kuna B7ES, inaingia tundu lilelile, unene uleule, lakini nyuzi zake ni milimita 19. Muuzaji asiyejali anakupa hiyo kwa nia njema kabisa. Inaingia mpaka ndani, na pistoni ikipanda inaweza kuigonga. Kama umepewa ya ES, usipige kiki hata moja zaidi. Na kama ni sahihi, bado usiape kuwa ni nzima kwa kuwa ni mpya. Za bandia ziko nyingi sokoni. Njia ya uhakika ni kuazima plagi kutoka vespa ya jirani inayotembea.

Mvuke ukiisha na harufu imepungua, tupime moto. Chomeka plagi kavu kwenye kofia yake, mwili wake wa chuma uulaze kwenye mapezi ya silinda, mbali na tundu, uushike kwa koleo lenye mipini ya mpira. Fungua ufunguo, simama kivulini, mwenzako apige kiki. Cheche ya bluu inayopasuka kwa sauti, "ta, ta, ta", ni nzuri. Nyekundu iliyofifia ni dhaifu. Hakuna kitu? Bado hatununui koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme mkali.

Vespa yenye mfumo wa umeme usio na pointi ina kisanduku pembeni ya injini, na kwenye PX kisanduku hicho na koili ni kitu kimoja. Kutoka hapo kuna waya wa kijani unaopanda kwenye swichi ya ufunguo. Kazi ya waya ule ni kuua: ukizima ufunguo, unagusishwa na bodi, moto unakatika. Basi fikiria swichi imeota kutu ya chumvi ndani, au waya umechubuka shingoni pale unapopinda kila ukikata kona. Injini inadhani umeizima, nawe uko juu yake unapiga kiki unatoka jasho. Chomoa waya huo wa kijani wa swichi kwenye kisanduku, acha ile inayotoka ndani ya injini, upime tena. Moto ukirudi, gharama yako ni swichi au waya, si koili. Hili nimelikuta mara nyingi kiasi kwamba vespa ya Mji Mkongwe ikija haina moto naanza nalo kabla sijamsalimia mwenyewe vizuri.

Fungua pia kofia ya plagi, imefungwa kwa nyuzi kwenye waya mnene. Ukiona waya umekuwa kijani nchani, kata nusu sentimita, uifunge upya kwenye shaba safi. Baada ya hapo, kama bado giza, muhusishe fundi umeme wa pikipiki mwenye mita. Mwambie apime waya zinazotoka kwenye magneti, lile gurudumu la sumaku linalozalisha umeme: kati ya nyekundu na nyeupe tunatarajia takriban omu 110, kati ya kijani na nyeupe takriban 500. Zikiwa mbali na hapo, tatizo liko chini ya magneti, na kwenye PX za zamani mara nyingi ni ganda la waya tu lililokauka na kupasuka kwa joto na oili. Waya zinabadilishwa kwa kulehemu. Zikiwa sawa na moto haupo, hapo ndipo kisanduku kinapostahili kushukiwa, na hata hapo kijaribiwe kwanza cha kuazima.

Lakini nilikuahidi kurudi kwenye makohozi. Injini isiyo na moto kabisa haikohoi. Isiyo na pumzi kabisa, yaani pistoni haigandamizi hewa, haikohoi pia. Ile "puf, puf" maana yake kwa nukta mbili palikuwa na petroli, na cheche, na mgandamizo, vyote pamoja. Kwa sababu hiyo sikubaliani na mafundi wako wote wawili. Nikilazimishwa kuchagua, wa pili yuko karibu zaidi, kwani chumvi kwenye waya inaweza kuudhoofisha moto bila kuuua.

Moto ukiwa mzuri, nenda kwenye kabureta. Vua kava la ubavu wa kulia, kuna kisanduku cha hewa, chini yake chujio lenye skrubu mbili. Chini ya chujio utaona jeti mbili zinazofunguka kwa bisibisi bapa. Ile ndogo ndiyo inayolisha injini ikiwa imetulia, na tundu lake ni jembamba kiasi kwamba utomvu wa miezi mitatu unatosha kuliziba. Inua juu ya mwanga, lazima uone duara. Ioshe kwa petroli safi au dawa ya kusafishia breki, uipulize. Usitie waya wa chuma, utalipanua tundu na vespa haitakaa sawa tena. Unywele wa brashi ya plastiki unatosha. Sindano ya boya nayo itolewe ifutwe ncha yake. Kama ina kidonda, inunuliwe nyingine, ni kitu kidogo. Hii sehemu ya boya, kama hujawahi kufungua kabureta, mwachie fundi, mwambie wazi: safisha kabureta na ubadilishe sindano, usiguse kingine.

Sasa mgandamizo, kwa ajili ya kumtendea haki fundi wa kwanza. Plagi ikiwa imetolewa, ziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki kwa mkono, ufunguo umezimwa. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, huna kesi ya ringi. Kikisukumwa kivivu, bado usiende kuchonga. Petroli mbichi iliyofurika huosha oili yote kwenye kuta za silinda, na ringi bila oili hazizibi vizuri. Tia oili ya mipigo miwili nusu kijiko kidogo kwenye tundu, piga kiki pole mara kumi, pima tena. Pumzi ikirudi, ndivyo ilivyokuwa. Isiporudi, yamkini ringi zimenata kwenye masizi au silinda imepata kutu, na hapo kichwa kifunguliwe watu waangalie kwa macho. Kuchonga bloku kunaamuliwa baada ya kuona mikwaruzo, hakuamuliwi kwa kusikiliza kiki barabarani. Mwulize fundi huyo neno moja tu, kwa adabu: "Mgandamizo umepima, umekuta kiasi gani?" Kama hakupima, mshukuru uondoke.

Tia lita mbili za petroli mpya na mililita 40 za oili, plagi kavu, koki wazi, subiri dakika moja kikombe kijae, vuta choki, piga kiki bila kugusa resi. Ikikataa kiki tano, funga koki, sukuma choki, fungua resi yote, piga tena. Moshi mwingi mweupe dakika za mwanzo usikutishe, ni ile oili ya kaka yako inatoka. Ukiendelea baada ya robo saa na una harufu ya oili ya gia, sili ya krenki upande wa klachi, ule mpira unaozuia oili ya gia isiingie tumboni, imekauka. Na ikiwaka ikaanza kupiga resi yenyewe, inapanda tu hata ukiachia kipini, izime papo hapo, au tia gia ya nne ushike breki uachie klachi ife. Hiyo inavuta hewa pasipotakiwa, yawezekana sili ya upande wa magneti. Yote mawili ni kazi ya fundi, na usiitembeze kabla.

Kuhusu kuiuza: ni ya baba yako, siwezi kukupimia hilo. Ninachojua ni bei. Vespa isiyowaka hununuliwa kama vyuma, na mnunuzi wa kwanza atakuwa mmoja wa hao mafundi wawili. Iwashe kwanza, kisha ukae nayo wiki moja uamue.

Kabla hujaingia nayo barabarani jaribu breki zote mbili hapo uwanjani, kwa maana nyaya zake zimekula masika hayohayo, na upepo wa matairi uangaliwe. Ile plagi ya zamani uliyoitoa mwanzo, umeitupa? Kama ipo, itazame nchani. Ikiwa na rangi ya kahawia ya maziwa, injini ilikuwa na afya siku uliyoilaza, na hiyo plagi ukiisafisha huenda ikawaka kabla ya hiyo mpya.